Klara, Mgeni wa Chumba Namba Saba

Jumatatu, 5 Juni 1972

Fanueli ameondoka saa mbili asubuhi na Landrova ya ofisi. Siku tisa! Anakwenda vijiji vya ujamaa kuwafundisha watu kulima kwa matuta. Ameniambia nisiwe na wasiwasi, hoteli ina kila kitu. Kweli ina kila kitu. Haina mtu.

Niandike vizuri, siku moja Klara atasoma. Hoteli ni ya zamani, tangu Wajerumani. Mbao za sakafu zinalia ukikanyaga, na bati likipata jua linagonga kama mtu anayebisha hodi. Mara mbili leo nimesema karibu. Bei yake ndogo, ndiyo maana ofisi imetuweka hapa mpaka nyumba ya serikali ipatikane. Lakini raha zake! Bafu la chuma lenye miguu minne kama ng'ombe. Maji ya moto yanatoka ukutani kuanzia saa kumi na moja jioni. Chai inaletwa mpaka mlangoni. Blanketi tatu. Tena kuna mahali pa kuota moto humo humo chumbani, na moshi unapanda wenyewe bila kumtoa mtu machozi. Nimekaa mbele ya moto na Klara wangu, miezi mitano, mashavu kama maandazi. Nikamwambia tazama mama, tumekuwa watu wakubwa. Akacheua.

Leo nimesema na watu watatu. Mzee wa kuni, shikamoo. Bwana Sheshe wa mapokezi, shikamoo. Bi Mwanamwema wa chumba namba sita, mama mtu mzima wa Tanga aliyekuja kupumzisha kifua, shikamoo. Wote marahaba. Mazungumzo yakaisha hapo.

Namtaka mama yangu. Klara alizaliwa Tanga, mama hajamshika hata mara moja. Yuko Lukozi, si mbali. Mimi siwezi kwenda, maana ufunguo wa nyumba unaweza kutoka siku yoyote, na asiyekuwepo anarukwa. Mama naye akija na lori la mboga anafika jioni, lori linarudi kesho yake. Lazima alale. Na kwetu mama mkwe halali kwa mkwewe. Hata kiti chake hakikalii! Tukishapewa nyumba, basi tena.

Lakini hoteli si ya Fanueli! Hoteli ni ya wananchi. Mama ni mwananchi, kadi ya TANU anayo. Sijui kwa nini hakuna aliyeliona jambo hili kabla yangu.

Jumanne, 6 Juni

Saa kumi na mbili nilikuwa barabarani kwenye ukungu, Klara mgongoni. Mbaraka dereva wa lori akasimama. Nikampa maneno ya kumpelekea mama, kwamba hoteli ni ya wananchi, aje alale, nikamwambia ayarudie. Akayarudia, akaongeza na ya kwake. Nikamwambia ayatoe ya kwake.

Jioni akaniletea jibu mbele ya wapakiaji wote. Mama anasema amesikia habari za wananchi. Anauliza je, sanduku la mkwe linalala wapi? Maana mahali linapolala sanduku la mwanamume hapo ni kwake, hata pangekuwa kanisani. Mbaraka akasema, Mama Klara, kama liko chini ya kitanda ndiyo mbaya zaidi. Wapakiaji wakacheka mpaka kabichi zikaanguka.

Liko chini ya kitanda.

Kuoga nimekosa. Maji ya moto yanatosha mtu mmoja tu, na Bi Mwanamwema ndiye wa kwanza siku zote. Leo alibisha mlangoni kwangu kabla ya kuingia bafuni, akaniuliza kama nataka kutangulia na mtoto. Najua maringo nikiyaona! Nikasema ahsante, sisi tumezoea maji baridi. Hatujayazoea. Klara alipiga kelele.

Jumatano, 7 Juni

Alfajiri nimeanza kazi. Sanduku la Fanueli, koti lake, buti, wembe, hata picha aliyopiga na ng'ombe wa maonyesho, vyote nimevihamishia stoo. Sanduku zito. Nimelivuta ukumbi mzima na zile mbao zikalia zote kwa zamu.

Bwana Sheshe akauliza kama tumegombana. Nikasema hapana, ni habari ya mama mkwe. Akasema heri mngegombana, kungekuwa na mwisho.

Bi Mwanamwema alitoa kichwa mlangoni. Akaniona na buti za mwanamume kwapani. Akaniwekea mkono begani, akasema pole mwanangu, wanaume ndivyo walivyo, utapata nguvu. Baadaye kidogo akaniletea halua. Sasa hoteli nzima inajua nimeachwa! Nilitaka kumrudishia halua yake. Ilikuwa imekwisha.

Maneno nilimpa Mbaraka asubuhi: chumba hakina hata kifungo cha mwanamume. Jibu la jioni: mama anasema vizuri, mwanangu amejitahidi. Lakini hoteli ina kitabu. Jina la nani limeandikwa? Mama ni mzee wa kanisa, kwake kilichoandikwa kimeandikwa.

Klara amejifunza kucheka leo kwa sauti. Nilitazama huku na huku nipate wa kumwonyesha.

Alhamisi, 8 Juni

Ushindi! Niliwahi mapokezi kabla lori halijapita. Nikamwomba Bwana Sheshe afute jina la Fanueli. Akasema kitabu cha wageni si ubao wa shule. Nikalia kidogo. Klara akalia sana. Mgeni mmoja akatoka na sabuni usoni kuuliza nani anachinjwa. Bwana Sheshe akachukua rula.

Aliandika mbele ya macho yangu. Jina: Bi Klara Fanueli. Umri: miezi mitano. Kazi: akafikiri, akaandika mkulima, maana mkulima haulizwi maswali. Anakotoka: Tanga. Anakokwenda: hajui bado. Sahihi: tukambonyeza dole gumba kwenye wino. Dole likaenda kitabuni, kisha likaenda mdomoni. Amekuwa na meno meusi siku nzima, na meno hana.

Mbaraka aliporudi hakucheka safari hii. Alishuka kwenye lori kabisa. Akasema mama aliposikia aliweka jembe chini, kisha akacheka hadi majirani wakaja. Amesema kulala kwa mkwe hawezi, lakini mke mwenzake akimwalika kwake atakataaje? Ndivyo bibi anavyomwita mjukuu wa kike, na mke mwenza hana heshima za ukwe. Atakuja Jumamosi!

Nimezunguka chumba mara saba na Klara mkononi. Nimemwambia ahsante mwenye nyumba.

Ijumaa, 9 Juni

Maandalizi. Kuni za ziada nimeomba. Blanketi nimezianika. Taulo langu nimelitundika mlangoni bafuni tangu asubuhi, likae zamu mpaka kesho, mama aoge wa kwanza.

Saa tisa Bi Mwanamwema akabisha. Akasema anasikia mtoto hajalala, je, ambebe kidogo nami nijinyooshe? Akasema yeye wa kwake wamekwisha kuwa na wake zao, mikono imekuwa mitupu. Nikasema ahsante shikamoo, nikafunga mlango. Nilimsikia amesimama palepale nje muda. Anachunguza nini? Labda amesikia habari za maji ya kesho.

Saa kumi akaja karani wa ofisi ya Fanueli na faili kubwa. Akafungua kitabu cha wageni, akasoma, akatazama tena, akageuza kitabu upande. Nikaenda kumsalimu kwa adabu. Akaniuliza kama Bwana Fanueli anakaa hoteli hii. Nilijua hapa ndipo penye mtihani! Nikajibu hapana ndugu, hapa hana hata kiatu. Akauliza nina hakika? Nikasema akitaka akatazame chini ya kitanda. Akaandika kwenye faili.

Nimejibu vizuri sana. Hata mama angesikia angefurahi.

Jumamosi, 10 Juni

Nitaandika kwa ufupi.

Saa nne karani amerudi na barua. Kwa kuwa mtumishi Fanueli hakai tena hotelini, ofisi inaacha kulipia chumba kuanzia leo. Klara si mtumishi. Nikasema ni mkulima. Akasema ndugu, huo ni ugomvi wa wizara nyingine.

Nikamwambia ukweli wote, mkwe, sanduku, kitabu, dole gumba. Ni mtu mwema, alivua kofia. Lakini barua imekwisha pigwa mhuri. Akatoa ufunguo: nyumba ilikuwa tayari, tungepewa wiki ijayo, sasa niichukue leo hii. Tena nilale humo leo hii, maana familia nyingine inangojea, na nyumba isiyolaliwa na mtu watapewa wao. Saa tisa mkokoteni ukapakiwa. Sanduku la Fanueli likatangulia mbele kama bwana harusi.

Saa kumi na moja lori likafika. Mama! Gauni la kanisani, kuku kwenye kikapu. Nilikuwa nimemngojea njia panda. Hakunisalimu mimi. Alimtoa Klara kwenye nguo ya kumbebea, akamtemea baraka kwenye paji la uso, akamsalimu kwa lugha yetu, onga mshi mke mwenzangu, nionyeshe kwako. Machozi yakamtoka, na mimi yangu.

Nikamwongoza njia, kikapu cha kuku mkononi. Tukafika kwenye ua. Mama akatazama nyumba. Akatazama ufunguo mkononi mwangu, wenye kikaratasi na jina la Fanueli. Akarudi nyuma hatua mbili kama aliyekanyaga nyoka. Nilieleza. Akasema, Raheli mwanangu, akili zako ni nyingi, shida ni kwamba zote zinatoka kwa wakati mmoja.

Baridi ilikuwa inashuka. Ndipo Bi Mwanamwema akatokea na shuka la Klara, nililisahau chumbani. Alipoelewa hakuuliza mengi. Akamwambia mama, dada yangu, chumba changu kina vitanda viwili na mimi ni mjane, ninakilipia mwenyewe. Huko hakuna mkwe wa mtu. Mama akanitazama. Mimi nikatazama kuku.

Wamekwenda pamoja, wameshikana mikono kwa ajili ya utelezi. Nilitaka kuwafuata, lakini lazima nilale hapa.

Jumapili, 11 Juni

Nyumba ina vyumba vitatu na mwangwi. Nikimwimbia Klara, wananiitikia watu ambao hawapo. Tumelala kwenye mkeka, yeye juu ya tumbo langu ndipo pakavu na pana joto. Hakulia. Ananipenda hata nikikosea.

Baada ya ibada mama amekuja. Bi Mwanamwema hakwenda kanisani, yeye ni Mwislamu, lakini alimngojea mlangoni na mwavuli. Wamekaa nje ya ua kwenye jiwe, mama hataki kuingia hata kuchungulia. Nimempitishia Klara juu ya miti ya ua. Wamempokezana hadi mchana. Nimechungulia mimi kutoka upande wangu kama jirani.

Mama amenisimulia bafu. Maji mpaka hapa, akaonyesha shingo. Ameoga wa kwanza. Blanketi tatu, akatupa moja. Wameongea tangu jioni hadi usiku wa manane, habari za kuzaa, za kuzika, za Tanga, za Lukozi, na wote wawili wananuka mafuta ya karafuu. Bi Mwanamwema ameomba mama akae wiki nzima. Kisha amenigeukia mimi, akasema mwanangu njoo kila siku na mtoto, mlango wangu haufungwi. Mama akaninong'oneza kwamba yule mama wiki nzima alikuwa anatamani mtu wa kumkaribisha ndani, nami nilikuwa ukuta mmoja tu naye.

Nikasema ndiyo mama. Lakini nimeelewa yote. Siku moja tu, na amekwisha kuninyang'anya mama yangu! Kwa halua na mafuta ya karafuu. Wamenialika jioni hii. Nimekataa, nimesema nina kazi.

Na kazi ninayo. Jiko la nyumba hii liko peke yake nyuma, hatua kumi na moja kutoka mlangoni. Lina paa lake, lina mlango wake. Jiko ni la mwanamke dunia nzima, mkwe hana lake humo. Mama akilala jikoni hajalala kwa Fanueli! Nimepima kwa kanga, kitanda cha kuazima kitaingia tukivunja kizingiti kidogo. Masizi nitayakwangua kesho.

Kinachobaki ni kumtoa mama chumba namba sita bila Bi Mwanamwema kushtuka. Nimefikiria kumpelekea mama habari kwamba naumwa. Mbaraka atapita alfajiri, nitampa maneno ayafikishe hotelini.