Mama Aliyemfungulia Pepo Mlango

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, dalali wa nyumba kwa kazi, mtu mpole kwa tabia, na tangu juma lililopita ni mtu anayejichemshia chai mwenyewe na kuinywa amesimama. Nakuandikia kwa heshima zote kukuomba urudishe amani nyumbani kwangu, kwa sababu aliyeivuruga ni wewe.

Najua utashangaa. Utasema huyu simjui, na nyumba yake siijui. Tulia, nitakueleza.

Ile hadithi ya zamani, Mpangaji Asiyelala, uliyoichapa upya gazetini kila Jumamosi, wengi wetu tuliisoma kitabuni tukiwa vijana na tukaogopa kwenda chooni peke yetu. Kwa faida ya aliyeikosa: pepo anamwingia binti wa mama mjane. Binti anaanza kusema kwa sauti ya mzee, anapanda ukutani, anawatolea majirani siri zao dirishani. Anaitwa mtoa pepo, anahangaika naye sura tatu nzima, pepo anatoka, binti anapona, nyumba inatulia. Kisha, ukurasa wa mwisho kabisa, mlango unabishwa. Mama anajua vizuri ni nani. Anajifuta mikono, anakwenda, anafungua. Basi, hadithi imekwisha.

Na wewe ungeishia hapo. Lakini hukuridhika. Ukaweka chini yake, kwa herufi nene: "Kwa nini alifungua? Wasomaji, tuandikieni." Ndugu Mhariri, watu wana kazi zao. Ukiwauliza swali kama hilo wataziacha.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Pepo hakutendewa haki. Hili nililiandika ukurasani kwako mwezi uliopita, nawe ukalichapa huku umelikata nusu, kwa hiyo nalirudia lote. Kwa mujibu wa sura ya kwanza, pepo yule alikuwa akiishi zake kisimani nyuma ya nyumba, hamsumbui mtu. Marehemu baba wa binti akakifukia kisima ili ajenge jiko. Kiumbe kimefukiwa makazi yake, kiende wapi? Sura ya pili anamwuliza binti kwa adabu kabisa, "Naweza kuingia?" Binti, usingizini, anajibu, "Mm." Katika kazi yangu nimewapatia watu nyumba kwa "Mm" hafifu kuliko hiyo. Wasomaji wako wanamwita pepo katili, mchafu, adui wa familia. Nawauliza, nani kati yao amewahi kutafuta chumba mvua ikimnyeshea? Nia ya pepo ilikuwa makazi, na huko kupanda ukutani ni mtu kukagua nyumba.

2. Kinyozi wangu. Huyu ni shabiki wa mtoa pepo, tena shabiki kindakindaki. Anasema yule bwana aliingia chumbani kwa ushujaa na huruma. Mimi nikamwambia alikuja kwa ajili ya tumbo, kwani sura ya saba, kabla hajauliza hali ya mgonjwa, anauliza jikoni kunapikwa nini. Kinyozi akazima mashine. Akasema, "Mzee, mtu akitoka mbali anasikia njaa, hata awe malaika." Hoja ilikuwa nzuri, ndiyo maana nilikasirika. Nikainuka na shuka lake shingoni, nikaondoka nimenyolewa upande mmoja. Tangu siku hiyo pale kinyozini wateja hawaketi tena kwa zamu. Wanaomtetea mtoa pepo wanakaa benchi la mlangoni, wanaomtetea pepo benchi la ukutani, na asiye na msimamo anasubiri nje juani. Kichwa changu bado kina pande mbili. Wateja ninaowapeleka kuona nyumba wanakitazama kichwa hicho badala ya kutazama madirisha.

3. Msomaji wako anayejiita Mwenye Subira. Jumamosi iliyofuata barua yangu, ulichapa jibu lake bila kulikata hata mstari. Mwenye Subira aliandika kwamba mama yule hakuwa mjinga wala mzembe. Alifungua kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno. Akasema mtu akizoea kelele ya mtu, hata kelele ya kuudhi, ikinyamaza anajisikia kama kapoteza kitu. Kisha akaongeza kwamba aliyeandika habari za haki za pepo ana kichwa kama stoo isiyo na taa: vitu vimo, ila mwenyewe havioni. Nikasoma mstari huo mara mbili. Maneno hayo ya stoo na taa nimeambiwa miaka yote ya ndoa yangu, na anayeniambia ni mmoja tu. Ndugu Mhariri, Mwenye Subira ni mke wangu. Ni muuguzi wa wodi ya watoto, ametulia, hana makuu, na kumbe tulikuwa tukilumbana gazetini mbele ya taifa zima huku tukipeana chumvi mezani.

4. Swali. Jioni hiyo niliiweka barua yake pembeni ya sahani yangu ili aone kwamba nimeona. Aliona. Nikamweleza kwa utaratibu kuwa pepo akishatoka, haki yake imekwisha. Akitaka kurudi aje mchana, ajitambulishe, aseme anataka kukaa muda gani. Mama aliyefungua bila hata kuuliza "Nani?" ni mzembe, hana nia nyingine yoyote ya kutafutwa. Mke wangu akaweka kijiko chini. Akaniuliza, "Kwa hiyo mtu akiondoka kwako, halafu akarudi akabisha, wewe humfungulii?"

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipoangamia. Mimi nilidhani ananiuliza jambo la kazi. Kila siku watu wananiuliza mambo ya kazi. Kwa hiyo nikajibu kama ninavyowajibu wenye nyumba wote, tena kwa kujiamini: "Akishaondoka, kesho yake nabadilisha kitasa."

Aliinuka mezani. Aliosha sahani yake, moja tu, yangu akaiacha. Akatia sare zake kwenye begi, akaenda kwa mdogo wake.

5. Kitasa. Hili nitalisema kwa kifupi kwa sababu halinipendezi. Kesho yake asubuhi nilibadilisha kitasa. Usiniulize sababu, Ndugu Mhariri. Mikono ilifanya yenyewe. Mtu ameondoka, nina kitasa kipya kwenye mkoba wa kazi, bisibisi ipo, nikajikuta nimeshamaliza na ninajaribu ufunguo. Kisha nikaenda zangu kuonyesha nyumba. Mchana mke wangu alikuja kuchukua viatu vyake vya zamu. Ufunguo wake ukaingia, haukuzunguka. Jirani yetu fundi cherehani, ambaye dirisha lake linatazama mlango wetu na ambaye hajawahi kukosa tukio, anasema mke wangu alijaribu mara kadhaa, akautazama ule ufunguo kiganjani, akacheka kidogo. Afadhali angelia. Kicheko kile kimenikosesha usingizi kuliko sura zote za pepo.

6. Ukoo. Mama mkwe wangu hajui kusoma na hadithi hiyo hajawahi kusomewa, lakini ameshatoa hukumu: mama mjane ana haki, binti ana haki, pepo ana haki, mwenye makosa ni dalali. Nilipomwambia kwamba hadithini hakuna dalali, akasema, "Sasa yupo." Shemeji yangu, huyo mdogo wake mke wangu, hapokei simu zangu. Ananitumia ujumbe mfupi kila jioni: namba ya sura na ya ukurasa, nikasome. Nakwenda kusoma. Kila mara ni mahali ambapo mama yule yuko peke yake: anapanga vikombe viwili kisha anarudisha kimoja kabatini, au anaita jina na hakuna anayeitika. Nilikuwa nazipitia kurasa hizo haraka ili nifike kwa pepo.

Baada ya maelezo hayo, naomba ofisi yako ifanye yafuatayo bila kuchelewa.

Kwanza, toa tamko ukurasa wa mbele, lenye mhuri, kwamba mama yule alifungua mlango kwa uzembe, ili mjadala ufungwe na kila mtu arudi kwake. Ninaposema kila mtu nina mmoja akilini. Mwandishi amekwisha kufariki zamani, hawezi kukupinga. Pili, kama tamko ni zito, chapa upya ukurasa wa mwisho, uongeze neno moja tu, mama aulize "Nani?" kabla hajagusa komeo. Haitaharibu hadithi, na italinda nyumba nyingi. Tatu, kama hilo nalo ni zito, pepo mwenyewe apewe nafasi ya kujieleza, safu mbili zinamtosha, aseme alirudi kufuata nini. Huenda alisahau kitu. Na nne, yote yakishindikana, nakuomba wewe binafsi, kama mwenye chanzo cha haya yote, uende kwa shemeji yangu, ubishe hodi, umwambie mke wangu kwamba kitasa kipya kinaweza kutolewa na cha zamani kurudishwa, kwamba cha zamani sijakitupa, kipo juu ya jokofu, nakitazama kila ninapochukua maziwa. Mimi ningekwenda mwenyewe, lakini naogopa akiuliza "Nani?" sitajua nijibu nini.

Nasisitiza kwamba sisemi haya kwa ajili ya upweke. Nyumba si kimya. Bomba la jikoni linadondosha maji, jokofu linanguruma, na juzi nilijikuta namsomea redio ile barua ya Mwenye Subira. Msimamo wangu ni ule ule: kufungua mlango bila kuuliza ni uzembe, na mtu mwenye akili zake hawezi kufanya hivyo.

Wasalimie wachapaji, mpiga picha, mlinzi wa getini kwako, na yule anayekata barua za watu nusu. Msalimie pia kinyozi wangu, najua anakuandikia, mwambie upande wa kushoto umeanza kuota na wa kulia unauliza lini.

Wako katika usomaji,
Dalali Funguo

Tanbihi. Ndugu Mhariri, nilikuwa naifunga bahasha mlango ukabishwa. Nimekaa kwenye kazi hii muda mrefu, najua kila namna ya kubisha hodi, ya mpangaji, ya mwenye nyumba, ya anayeuza sabuni. Hii niliijua. Sikuuliza nani. Sikumbuki hata kusimama. Nilikuwa nimekaa mezani na gundi vidoleni, kisha nikawa nimeshafungua, na yeye amesimama pale na begi lake na ule ufunguo usiofaa, ananiangalia kichwa. Akasema, "Hukuuliza nani." Nikasema sikuuliza. Akasema, "Mzembe wewe." Kisha akaingia, akavua viatu, akaikuta barua hii mezani, akaisoma yote. Anasema swali la pepo kwa binti liko sura ya tatu, si ya pili, na kwamba ile "Mm" haikuwa ruhusa, mtoto alikuwa na homa, na dalali yeyote anayechukua "Mm" ya mtoto mwenye homa anyang'anywe kazi. Nimemwambia homa haipo popote kitabuni. Amekwenda kukileta kitabu. Sufuria ya chai ameiacha jikoni, vikombe ni viwili.

Kwa hiyo yafute yote niliyoomba. Tamko usitoe, ukurasa usiuguse. Najua kwa nini alifungua. Ila chonde, mjadala usiufunge, maana mke wangu amerudi kuumalizia na mimi sitaki uishe. Barua hii ninakutumia kwa sababu amekataa niichane. Anasema nawe lazima ujue kwamba ameshinda.