Vita vya Fisi Kumi na Wanne na Kifungo cha Mama Blessing

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, saa tisa alasiri, ndipo mambo yalipoharibika. Sogezeni viti, enyi watu wa Sakina, nanyi mnaoshuka kutoka mashamba ya Meru na tope bado kwenye viatu, mpate habari za vita vilivyopiganwa juu ya meza nyuma ya banda langu la kutengeneza baiskeli, vita vya kete na karatasi, ambavyo wakubwa hawakuvitangaza, kama kawaida yao.

Katika mchezo huo kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, anayemwongoza kwa kete. Wangu ni Mbeba Ngao. Marehemu mke wangu, Mama Blessing, alikuwa Mganga, na kifungo chekundu cha koti lake ndicho kilichomsimamia mezani. Tangu tumzike, namchezea mimi. Siku hiyo Mganga kaangushwa ng'ambo ya daraja, na mwalimu Godwin, mwamuzi mkuu, mshika kitabu cha sheria, akanena, "Asipofikiwa na dawa zamu hii, namfuta kwenye karatasi."

Dawa ninayo mimi. Daraja analo Rodrick.

Rodrick muuza mitumba wa Kwa Mrombo ndiye Mwitaji, na kazi ya Mwitaji ni kuita wanyama tu. Akaita fisi kumi na wanne, vizibo vya soda, akawapanga darajani mwanzo hadi mwisho, pasiwe na pa kupita, na kila fisi akapewa kurusha kete yake. Mimi nina mkuki mmoja na zamu moja. Walioandika kitabu kile hawajawahi kukaa foleni, nakwambia.

Fisi wa tisa akakosa shabaha. Chai ikapoa.

"Rodrick, hilo ni jeshi au kwaya?" akauliza dada yake Violet, aliyetugawia karanga.

"Sheria inaruhusu, dada. Baba Blessing avumilie kidogo."

"Inaruhusu," akasema Godwin bila kuinua uso. Hao ndio viongozi wetu.

Ndipo nikainuka, goti likalia kama lango la ngome, nikanena. "Mheshimiwa mwamuzi, na wewe Rodrick mwanangu. Kwenu Machame, mtu akiita watu kumi na wanne nyumbani kwake, nani anawalisha?"

"Ni yeye aliyewaita. Lakini mzee, hivi ni vizibo."

"Wameitwa, hawajaitwa?"

"Wameitwa."

"Basi waandalie."

Godwin akapekua kitabu mbele na nyuma, jasho likamtoka, asione pa kukimbilia. Akatoa hukumu: kila fisi karanga moja, kutoka mkononi mwa aliyemwita, asiyekula aende zake.

Rodrick akafungua kiganja. Karanga tatu, moja mbovu. Mchana kutwa alikuwa akitafuna posho ya jeshi lake mwenyewe.

"Nikopeshe, Violet."

"Wageni wako hao, kaka."

Fisi kumi na mmoja wakarudi kwenye kreti ya soda walikotoka, na njaa yao; watatu waliokula, hata yule wa karanga mbovu, hawakutosha kuziba njia. Mbeba Ngao akalivuka daraja, hatua sita, akakifikia kifungo, akakinywesha dawa. Godwin akaandika kwa penseli: "Kaamka." Iandikwe na kwingineko, kwamba daraja hilo lilifunguliwa bila mkubwa yeyote kukata utepe.

Ila nilipokuwa nakusanya kete nilimwuliza Godwin neno moja: Mwitaji akimwita mtu aliyekwisha kuzikwa, na chakula kipo mezani, je, ataitika?