Darasa la Watoto wa Mbwa Lilivyonivua Suruali

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, tena mbele ya darasa langu mwenyewe!

Mnajua habari za mbwa wa hapa kijijini kwetu Nangara. Mmoja alimng'ata mtoto wa jirani, viongozi wakasema mbwa wote wanaozurura, hata watoto wao, wapigwe risasi. Nikasimama mkutanoni (mdomo huu!): "Niachieni mimi. Hao watoto wa mbwa nitawazoesha kukaa na watu, wajifunze kucheza bila kuuma." Basi kila Jumamosi tunakutana uwanjani. Leo bwana mifugo alikuja kuamua wabaki au wauawe.

Nilianza vizuri. Watoto wa mbwa wenye miili mikubwa upande huu, wadogo upande ule. Dume la Baba Elia lilipomlemea mwenzake, nikalitenga lipoe kidogo. Mama Paskali alikuwa amepakata kajike kake, kanatetemeka.

"Mwalimu, nimsukume akacheze?"

"Usimlazimishe, mama. Akialikwa atakwenda mwenyewe."

Bwana mifugo akadakia: "Anaalikwaje, ndugu mwalimu?"

Hapo ningeeleza kwa mdomo, yakaisha. Lakini mimi? Nikapiga magoti, viwiko chini, matako juu, kama mbwa anavyomwita mwenzake wacheze.

Praaa!

Suruali yangu mnaijua, kiraka juu ya kiraka. Ilipasuka kuanzia kiunoni hadi mapajani. Na chupi (madukani nguo ziko wapi?) mke wangu alinishonea kwa mfuko wa unga wa msaada. Maandishi yakabaki hadharani, herufi kubwa: HAIUZWI.

Watoto wa mbwa wakaona wamealikwa. Wakanivamia wote! Huyu ananilamba sikio, yule amechomoa kiraka anatimua nacho, wenzake nyuma yake. Na kale kaoga ka Mama Paskali? Kalikuwa mbele yao wote!

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Mama Paskali akatoa kanga begani. "Mwalimu, jifunge, watoto wanaangalia."

Nikajifunga kanga, nikaendelea kufundisha. (Ningekimbilia wapi?)

Bwana mifugo akafuta machozi. "Ndugu mwalimu, umewapa nafasi yote ile, na hakuna aliyekuuma. Wabaki."

Wamebaki, jamani! Kwa hiyo asinicheke mtu, labda yule atakayekuja na sindano na uzi.