Mahudhurio ya Mtu Asiye na Kazi

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye mlango wa kioo wa Kituo cha Mafao ya Wasio na Ajira, katika mji mmoja wa viwanda kaskazini mwa Saigon, na lilikuwa tangazo zito. Kuanzia siku hiyo, foleni ilikuwa imefutwa. Foleni, lilieleza tangazo, ni dalili ya utawala uliopitwa na wakati, tena inajaza helmeti za pikipiki sakafuni, kwa kuwa baadhi ya wananchi huacha helmeti ishike nafasi huku wenyewe wameenda kunywa supu ya tambi. Badala yake kungekuwa na Mahudhurio. Mwombaji angefika saa moja na nusu asubuhi, asaini daftari, angoje kuitwa, kisha asaini tena saa kumi na nusu jioni. Akikosa siku moja, ombi lake linaanza upya. Chini palikuwa na sahihi ya Mkurugenzi Khương, na muhuri mwekundu wa duara uliofunika theluthi moja ya sahihi hiyo upande wa kushoto, kama taratibu zinavyotaka.

Nhiên alilisoma mara mbili, akasaini. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amebandika soli za viatu, na kila mwezi mshahara wake ulikatwa bima, mpaka mwenye kiwanda alipofunga na kuondoka bila kuaga. Sasa Nhiên aliitaka bima yake. Sheria ilimpa miezi mitatu ombi lake liwe limepokelewa, na mama mwenye nyumba alikuwa amekubali kungoja miezi hiyo hiyo mitatu, si siku moja zaidi. Baada ya hapo Nhiên na binti yake Vy wangepanda basi kurudi Nghệ An kwa bibi yake mtoto, na Vy angeacha shule akiwa amebakiza mtihani mmoja tu. Safari hiyo Nhiên aliiogopa kuliko njaa.

Dirishani alikuwepo karani aitwaye Quyên, msichana mpole mwenye rula.

"Dada, hii barua ya kiwanda ya kukuachisha kazi haifai," alisema Quyên.

"Ina nini, mdogo wangu?"

"Muhuri umefunika nusu ya sahihi. Inatakiwa theluthi."

"Si imezidi tu? Kuzidi si afadhali?"

"Ukizidi, dada, sahihi inakosa hewa. Rudi kiwandani wakugongee mwingine."

"Kiwanda kimefungwa. Pale sasa ni ukumbi wa badminton."

Quyên alifikiri kwa moyo wake wote. "Basi jaribu kuwauliza hao wa badminton."

Nhiên alikwenda kweli, maana mtu akiwa na shida hachagui pa kuuliza. Wa badminton walisikitika naye, wakamwambia muhuri wao una umbo la yai.

Akarudi kwenye Mahudhurio, na Mahudhurio yakaendelea kuboreshwa. Wiki ya tatu, Mkurugenzi Khương alipita ukumbini mikono nyuma, akaona watu mia mbili wamekaa. Hakupendezwa. Kesho yake ukatoka mwongozo kwamba mwombaji anayekaa bure anajijengea uvivu, na kwamba tangu sasa Mahudhurio yatakuwa Mahudhurio yenye Tija. Wengine wakapewa kumwagilia michungwa ya vyungu. Wengine wakaosha glasi za chai. Nhiên, ambaye fomu namba saba alikuwa amerudishiwa mara tisa na kuijua nje ndani, akawekewa meza karibu na mlango ili akague fomu za wenzake. Mchana, watumishi walipokunjua vitanda vyao vya turubai nyuma ya madirisha na kulala, yeye ndiye aliyewanyamazisha watu, maana Mkurugenzi ana usingizi mwepesi.

"Wewe mwanangu unachapa kazi kuwashinda hao wanaolala," alisema shangazi Sáu, mshonaji wa zamani aliyekaa kiti cha jirani, mwanamke ambaye kucheka kwake kulisikika mpaka barabarani.

"Si kazi, shangazi. Nangoja."

"Haya, ngoja. Lakini pumzika kidogo usije ukafa unangoja."

Asubuhi moja alimkuta Khương amesimama mezani pake, anatazama saa ya ukutani.

"Nhiên, umechelewa dakika nne."

"Nisamehe, bosi. Mwanangu ana homa."

"Siku nyingine toa taarifa mapema. Kazi zimelala hapa."

Hakuna aliyeona ajabu, hata Nhiên mwenyewe. Alivua koti la mvua akaanza na rundo la juu.

Zilipobaki siku mbili miezi mitatu itimie, aliitwa ofisini. Khương alikuwa amevaa tai. Mkoa ulikuwa umeagiza idadi ya wasio na ajira ipungue, na yeye alikuwa amegundua njia ya kisayansi, isiyo na gharama. Alisimama, akasoma kwa sauti ya sherehe:

"Kwa kuwa mwombaji amehudhuria kituoni hapa siku hamsini na nane, kwa saa zilizopangwa, chini ya maelekezo ya uongozi, akitekeleza majukumu ya kukagua fomu na kusimamia utulivu, na kwa kuwa mtu wa namna hiyo hawezi kwa vyovyote kusemwa kuwa hana kazi, ombi lake limekataliwa." Akamkabidhi karatasi kwa mikono miwili. "Hongera sana."

Nhiên alitoka akaenda kulia kwenye maegesho ya pikipiki. Alilia kwa hasira na kwa ajili ya Vy, na hakujificha. Shangazi Sáu akamfuata na glasi ya chai ya barafu.

"Wamekufanya nini tena?"

"Wameandika nina kazi."

"Kazi? Wapi?"

"Hapa."

"Mh! Na mshahara wanalipa tarehe ngapi?"

Shangazi alikuwa anatania. Lakini Nhiên aliacha kulia, akaifungua tena ile karatasi. Jina lake lilikuwa sahihi. Tarehe zilikuwa sahihi. Muhuri ulikuwa umekaa juu ya theluthi moja ya sahihi, hata unywele haukupotoka. Maishani mwake hakuwahi kushika karatasi isiyo na kasoro kama ile.

Akapanda ngazi hadi ghorofa ya juu, kwa mkaguzi wa kazi, Bibi Hường, mwanamke mkavu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Bibi Hường alisoma, akavua miwani, akaagiza Khương aitwe. Khương akaja shavu lake likiwa na alama za kitanda cha turubai.

"Huyu ni mfanyakazi wako?"

"Hapana! Ni mwombaji."

"Karatasi yako inasema anafanya kazi kwako."

"Ile ni lugha tu ya kiofisi, dada."

"Na muhuri nao ni lugha?" Bibi Hường akamsogezea kalamu. "Basi niandikie hapa kwamba umegonga muhuri wa serikali juu ya uongo."

Khương aliichukua kalamu, akairudisha mezani. Nhiên alikaribia kumhurumia, kisha akawakumbuka wale wa badminton, huruma ikaisha.

"Anafanya kazi kwangu," Khương akasema kwa sauti ndogo.

"Vizuri. Mkataba wake uko wapi? Mishahara yake? Makato ya bima?"

"Kituo hakina fungu hilo."

"Wewe unao mshahara."

"Basi namwachisha!" Khương alifoka. "Namwachisha kazi leo hii!"

"Ni haki yako," alisema Bibi Hường. "Mpe barua."

Barua ikaandikwa palepale. Khương akagonga muhuri, na mazoea ni mazoea: theluthi moja, upande wa kushoto. Ilikuwa barua halali ya kuachishwa kutoka kwa mwajiri wake wa mwisho, ndiyo hiyo hasa aliyokuwa ameikosa tangu siku ya kwanza. Quyên aliipima kwa rula, akaipima tena, akaandika: imepokelewa. Nhiên alifurahi, akampigia Vy simu shuleni, jambo lililokatazwa, kumwambia basi hawapandi.

Khương alijifungia ofisini ajaribu kuumalizia usingizi wake. Hakupata hata dakika kumi. Mlango uligongwa kwa adabu, na alipoufungua alimkuta shangazi Sáu, na nyuma yake ukumbi mzima umesimama, kila mtu na nakala ya karatasi ya Nhiên mkononi.

"Mwanangu Mkurugenzi," alisema shangazi Sáu, "usiwe na wasiwasi, hatukuja kwa fujo. Tunaomba tu na sisi tukataliwe."