Mpemba wa Msasani

Jumatatu, 3 Juni
Tangu leo asubuhi mimi ni Mpemba. Mzee Mudathiri, muuza vitenge wa hapa Msasani ya Tukuyu, alikuwa dukani akiililia Pemba yake kama kawaida, nami nikasema hata babu yangu alitoka Wete. Uongo mtupu! Babu alitoka Ikuti, huku huku kwetu milimani, na mwisho wa safari zake ulikuwa Kyela. Mzee kanikumbatia. Keshokutwa nikale kwake. Na mpishi ni binti yake, Amna! Nampenda Amna mpaka nakonda. Twalib, fundi cherehani, naye kaalikwa. Bwege yule! Bahari kaiona kwenye kalenda tu.

Jumanne, 4 Juni
Jirani yangu Hosea kasema niazime kitabu cha jiografia cha mwanawe. Nimemcheka. Kisiwa ni nchi kama hii yetu, ila imezungukwa na maji. Kuna nini cha kusoma?

Alhamisi, 6 Juni
Jana nilitamba! Nilianza na ukungu wa Pemba. Nikapanda mlima wake, nikashukia msitu wa mianzi, nikaua chui. Mzee akaacha kutafuna. Eti Pemba hakuna chui, bahari yenye kina iliitenga na bara zamani sana. Nikamuuliza kama alikuwepo. Akataja magofu ya Ras Mkumbuu. Nikamwambia nayajua, kayajenga Mjerumani, kama boma letu hapa Tukuyu. Amna akakimbilia jikoni. Nilimsikia akicheka. Mzee akasema pale pana msikiti, na ulishakuwa gofu Mjerumani hata njia ya kuja haijui.

Na Twalib? Kakiri hajui kitu! Bila haya! Kamwomba mzee amsimulie. Basi ikawa popo wakubwa wanaokula matunda, ikawa mikarafuu, mzee machozi yanamtoka, na bwege anaitikia tu, eeh, ikawaje? Kaongezwa wali mara mbili. Mimi nikaletewa maji ya kunawa.

Jumamosi, 8 Juni
Twalib kaposa, kakubaliwa. Kwa kuuliza maswali! Nimelia, tena sana. Amna wangu kapewa mtu asiyejua lolote. Pemba nayo! Kisiwa gani kisicho na mlima?

Jumapili, 9 Juni
Kosa nimeliona: nilichagua kisiwa kibovu. Mzee Tamimu, muuza viatu sokoni, ni Mngazija, na ana binti, Mwantum. Hosea anasema Ngazija kuna volkano. Akataka kuniambia na mengine, nikamkatiza. Volkano nimezaliwa nayo hapa Tukuyu, pamoja na baridi yake! Mzee kanialika kesho. Sweta la babu nimeshalifua. Nitamwonyesha, ajue jinsi baridi ya kwao Ngazija ilivyomtesa babu.