Madam Roselyne wa Seva Yangu

Jumatatu, 4 Agosti
Na ijulikane kwamba leo asubuhi, hapa mjini Wote, ndani ya stoo yangu ya hema za kukodisha, imezaliwa kampuni ya pili. Haina hema. Haina kiti. Ina domeini ya baruapepe, yaani jina lake la mtandaoni, na hiyo inatosha.

Kuna kanisa Mbooni linalotaka hema na viti vya mkutano wa injili. Kamati inataka bei za watu watatu. Kuna Kaveke, mshindani wangu, ambaye viti vyake vina mikono na hachoki kutukumbusha. Kuna mimi. Wa tatu ni Madam Roselyne, mkurugenzi. Nimemtunga mwenyewe. Bei yake itatisha, yangu itaonekana ya huruma.

Mke wangu Nduku ameuliza mbona nacheka na kompyuta. Nikamwambia ni mambo ya seva, ule mtambo wa baruapepe.

Jumanne, 5 Agosti
Nimeongeza domeini mpya. Maelezo marefu, nimesoma mwanzo na mwisho. Seva ikauliza: hii ni ya nyongeza au ndiyo kuu? Nikachagua kuu. Mkurugenzi hawezi kuwa wa nyongeza.

Asubuhi nikatuma bei ya Roselyne. Jioni yangu, nusu ya ile. Kaveke, kwaheri!

Alhamisi, 7 Agosti
Balaa. Kumbe domeini kuu ndiyo inayotokea kwenye kila barua. Zote mbili zimefika kwa jina la Roselyne! Kamati imeona mama aliyetaja bei asubuhi, akaikata nusu jioni, bila kuombwa. Mwenyekiti, Mzee Mbaluka, amemwandikia kwamba ni Roho tu angeweza kufanya hivyo. Kazi ni yake. Jumapili aje atoe ushuhuda. Akaongeza kwamba wengine, kama Muindi wa Wote, hawakutuma hata salamu.

Muindi ni mimi. Lakini Kaveke ameshindwa. Hilo ndilo kubwa.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimemweleza Nduku yote. Akauliza: "Kwa hivyo Muindi, mwanamke ambaye hayuko umempa ukurugenzi, na mimi niko hapa naosha viti?"

Nikamwomba awe Roselyne siku moja tu. Mbooni hawamjui. Amekubali haraka kuliko nilivyopenda.

Jumapili, 10 Agosti
Tulikubaliana maneno mawili na amina. Nduku ameongea hadi watoto wakalala. Eti kuna mtu pale nyumbani alimsukuma apandishe bei, akaomba, akapata nguvu ya kuishusha. Kanisa lote likageuka kumtafuta huyo mtu. Nikaanzisha pambio.

Nje, Mzee Mbaluka akaniuliza mimi nani. Nduku akaniwahi: "Huyu ni wa kupanga viti."

Tumerudi na kazi za harusi mbili. Yaani, Roselyne amerudi nazo.

Jumatatu, 11 Agosti
Nduku ameshinda kwenye kiti changu, mbele ya kompyuta, akijibu barua za Roselyne. Mwache afurahi. Nimeshaona kosa lilipokuwa: Roselyne alikuwa mpole mno. Naongeza domeini ya tatu, ya Bwana Irungu, mzee mwenye heshima, bei zake chini ya Roselyne. Zile harusi zitarudi kwangu, na safari hii nitachagua nyongeza.

Nduku ametoka kwenda sokoni. Nimeketi, nimekunja mikono ya shati.

Amebadilisha paswadi.