Reli Chini ya Landrova

Jumatatu, 17 Agosti 1987. Nyabiyonza.

Landrova imevunjika mgongo! Boriti ya nyuma, ile inayoshika pande mbili za chasisi, imeliwa na kutu mpaka nimeitoboa kwa kidole. Kidole! Na Jumamosi natakiwa kumtoa Immaculata, binti wa dada yangu Eugenia, kutoka Mabira mpaka kanisani kwetu. Mimi ndiye mjomba. Nimeshatamba kilabuni kwamba bibi harusi hatapanda gari jingine. Ildefonsi alikuwepo, akacheka mpaka pombe ya rubisi ikamtoka puani. Ana kipikapu cha njano anachokiogesha kila siku kama mtoto mchanga. Mshenzi!

Dada ametuma salamu. Nikimwaibisha, nisikanyage kwake tena. Hatanii, namjua.

Jumanne, 18 Agosti.

Nimekwenda kwa Fidele, fundi wa kuchomelea. Anasema nimletee chuma kinene, kilichonyooka, urefu wa mikono miwili iliyotandazwa. Kana kwamba vyuma vinaota shambani! Nimempelekea ubavu wa kitanda changu. Ameukunja kwa goti huku ananitazama. Sasa sina boriti na sina kitanda.

Njiani kurudi, macho yakatua kwenye kengele ya kigango. Kipande cha reli kutoka machimbo ya zamani ya bati kule Kyerwa, kimening'inia mtini. Kinene. Kimenyooka. Hakina kutu hata chembe. Na watu wanakipiga nyundo tu! Ujinga mtupu.

Melkiory, katekista, aliuliza mbona nimeikumbatia kengele. Nikasema ni ibada. Akaanza kunihubiria kwamba mlio wa kwanza ni wa kuoga, wa pili kuvaa, wa tatu kuondoka nyumbani, na ikilia mfululizo ni mwizi, kila mtu atoke na panga. Kana kwamba mimi ni mgeni hapa! Nilimwacha akiongea.

Alhamisi, 20 Agosti.

Nimeiazima kengele. Mchana, Melkiory akiwa kwake anakula. Nimeifunga kwa majani ya migomba, nikaibeba begani kama mkungu, nikasalimiwa njia nzima na hakuna aliyeshtuka.

Fidele aliuliza ule msalaba mweupe uliopakwa rangi kwenye reli ni wa nini. Nikamwambia ni alama ya kiwanda. Akachomelea upande mmoja vizuri kabisa. Halafu jenereta ikakohoa, ikafa. Dizeli imekwisha! Ati nisubiri mpaka wiki ijayo. Wiki ijayo! Nilimtukana mpaka mkewe, Mukamusoni, akatoka na mwiko. Upande wa pili nimeufunga mwenyewe kwa waya. Waya mzuri. Fundi gani anayeshindwa na waya?

Ijumaa, 21 Agosti.

Mkutano wa dharura kigangoni. Melkiory alilia mbele za watu, kengele imeibwa na kesho kuna harusi. Nilisimama nikamlaani mwizi kuliko wote. Nikasema tuanze na wenye magari yanayong'aa, maana mtu mwaminifu hapati muda wa kung'arisha gari. Shingo zote zikamgeukia Ildefonsi. Raha iliyoje! Wakakipekua kipikapu chake mpaka chini, karibu wakifungue nati zote. Ilipofika zamu ya Landrova yangu walikuwa wamechoka, wakaenda zao.

Ildefonsi alinitazama tu. Nilijisikia kumpiga ngumi kwa ule utazamaji wake.

Jumamosi, 22 Agosti.

Waya umekatika! Waya wa kishenzi, na aliyeuza ni mshenzi zaidi!

Nimefika Mabira salama. Barabara ya kwenda ni mchanga, gari likatulia. Immaculata akapanda na shela yake, dada Eugenia pembeni, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana akaniita mdogo wangu. Nikafurahi. Ndipo, wakati wa kurudi, tukashika njia ya mkato ya mawe ya kuingia kwetu.

Nga! Nga! Nga! Nga! Reli imeachia upande mmoja, ndoano ya kuvutia magari inaigonga kila tukikanyaga jiwe. Mfululizo! Nikaongeza mwendo ili niwahi kufika. Ikalia zaidi. Watu wakaanza kumwagika kutoka migombani. Mmoja ana sabuni usoni. Wote wana mapanga. Wanakimbia nyuma yetu wakipiga kelele mwizi, mwizi, na mimi, kwa upumbavu, nikatoa kichwa dirishani nikauliza yuko wapi.

Mbele ya kanisa wakatuzingira. Melkiory akalala mavumbini na kanzu yake nyeupe, akachungulia chini ya gari. Akatoka na mavumbi kifua kizima. Akasema msalaba ule aliupaka mwenyewe.

Dada hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimshika Immaculata mkono, akamteremsha, akampandisha kwenye pikapu ya Ildefonsi kwa hatua chache zilizobaki mpaka mlangoni. Immaculata alikuwa analia, wanja umemshuka mpaka kidevuni. Nilisema shikamoo dada. Hakuitikia. Iliniuma sana, na sioni aibu kuandika hivyo.

Jumapili, 30 Agosti.

Uonevu! Kamati ya kigango imeamua. Fidele hawezi kuikata reli bila dizeli, na dizeli haipo. Kwa hiyo Landrova imesukumwa mpaka uwanja wa kanisa, na Melkiory anaigonga chasisi kwa nyundo kuita waumini. Gari langu! Kila pigo linamwaga kutu debe zima. Dada alipita na kikapu chake, akasikiliza mlio, akawaambia wenzake kwamba ni mzuri kuliko wa zamani.

Sasa wote wako ndani wanaimba. Nimekaa hapa nje nafikiri, kwa sababu katika watu wote hawa ni mimi peke yangu ninayefikiri. Kosa lilikuwa ni aina ya chuma. Reli ni nzito mno, na ni ya kanisa. Kule Mabira, kwenye josho la ng'ombe, kuna bomba la maji lisilotumika siku za kiangazi. Jepesi, refu, tupu ndani. Hilo haliwezi kupiga kelele.